Dada Yangu Ana Selimundu. Je, Nitaruka na Ndege za Jeshi?

SWALI: Daktari, nina miaka 21, naishi Sori hapa Karungu. Nataka kuingia KDF, jeshi la Kenya, upande wa wanahewa. Si lazima niwe rubani. Hata kuwa miongoni mwa wanaoruka na ndege wakisimamia mizigo kutanitosha. Dada yangu anaugua selimundu. Mimi sijawahi kuugua, lakini marafiki wananiambia nikitaja jambo hilo nitafukuzwa uwanjani siku ya usajili. Ninyamaze tu? – Msomaji, Sori

JIBU: Usinyamaze, ndugu yangu. Tena usingoje siku ya usajili, pimwa sasa.

Dada yako anaugua kwa sababu alirithi kinasaba cha ugonjwa kutoka kwa baba na pia kwa mama. Wewe umefika miaka 21 bila maumivu ya viungo wala kuongezwa damu, kwa hivyo ama huna kinasaba hicho kabisa, ama unacho kimoja, yaani wewe ni AS, mbebaji. Hesabu inaelemea upande wa pili: wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kati ya kila watoto watatu wasiougua, wawili kwa wastani ni wabebaji. Wala hilo si aibu ya ukoo wenu. Kinasaba kimoja humkinga mtoto dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimeenea sana huku ziwani kwenye mbu wengi.

Kubeba si kuugua. Wabebaji wengi huzeeka bila kujua. Shida ni oksijeni inapopungua au mwili unaposukumwa kupita kiasi: seli nyekundu zinaweza kujikunja, wengu ukakosa damu, na wapo wabebaji walioanguka katika mazoezi makali ya jua kali bila maji ya kutosha. Sasa fikiria safari yenyewe. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Makurutu hufunzwa Eldoret, kama mita 2,100. Utakuwa umepanda karibu kilomita nzima kabla hujaigusa ndege! Na hata ndani ya ndege kubwa iliyofungwa vizuri, hewa huweza kuwa nyepesi kama ya mlima wa mita 2,400.

Wakubwa wa majeshi wamebishana sana kuhusu jambo hili. Chuo cha maofisa wa Jeshi la Anga la Marekani kiliwakataa wabebaji hadi 1981, kisha kikaacha. Mimi naona kiliacha kwa haki, maana kumfungia mtu mlango kwa sababu ya kinasaba kimoja, bila kumtazama yeye mwenyewe, si utabibu. Lakini daktari wa jeshi hawezi kukutazama vyema ukimficha. Uamuzi ni wake, na siri yako inaweza kukuangusha ukiwa juu, pamoja na wenzako.

Omba kipimo kinachochambua aina ya himoglobini. Kile cha zamani cha kutazama kama seli zinajikunja hakitofautishi AS na SS, yaani mbebaji na mgonjwa. Uliza Hospitali ya Mtakatifu Camillus hapo Karungu, au hospitali ya kaunti, kama wanakifanya au wanapeleka sampuli kwingine.

Ukiwa huko, pima pia kichocho, hasa ukiwa umekulia majini ukivua na kuogelea. Minyoo yake huleta upungufu wa damu, na mkimbiaji mwenye damu kidogo hafiki mbali. Dawa ni praziquantel, dozi kwa uzito wako. Lakini ukirudi kuogelea palepale, utaambukizwa tena.

Macho nayo yakaguliwe mapema, hasa kutofautisha rangi. Anayechanganya nyekundu na kijani amezaliwa hivyo, kwa kawaida amerithi kupitia kwa mama, na hakuna tiba. Ni afadhali ujue ungali nyumbani. Masikio yanahitaji kupitisha hewa ndege ikipanda na kushuka, hivyo mafua si jambo dogo kwa anayeruka. Jino lililooza huweza kuuma vibaya hewa iliyonaswa ndani yake inapotanuka. Ling'olewe au lizibwe.

Mengine ni mepesi kuyapima. Matangazo ya KDF ya miaka ya karibuni yametaka kurutu awe na miaka 18 hadi 26, alama ya D katika KCSE, urefu wa mita 1.60, na uzito wa kilo 54.55 kwa wanaume au 50 kwa wanawake. Wanawake wasiwe wajawazito. Kunywa maji lita kadhaa asubuhi ili mizani ipande ni hatari, tafadhali acha. Kula vizuri kuanzia mwezi huu.

Na ujue hutaingia moja kwa moja kwenye ndege. Utaanza kama kurutu, ndipo upangiwe kazi, na wanaoruka hupimwa afya tena na tena. Marubani huingia kwa njia ya makadeti. Usajili ni bure. Yeyote anayewaambia wazee wako wauze ng'ombe ili akupatie barua ya kuitwa mafunzoni ni tapeli, mripotini polisi.

Nenda kliniki wiki hii, uhifadhi majibu kwa maandishi, na umpeleke dada yako pia. Yeye ndiye anayehitaji daktari mara kwa mara.