Somo la Msimu: Mgunga Unapochipua Kabla ya Mvua

Kuelekea mwisho wa kiangazi, nyasi za Mugumu zikiwa bado kavu, baadhi ya migunga huanza kutoa majani mabichi. Mkulima anayeyaona hushawishika kudhani kuwa mvua za vuli zimewadia, akaharakisha kupanda.

Mizizi ya mgunga hushuka chini sana na kufikia unyevu uliosalia ardhini. Kwa hiyo mti huo huweza kuchipua kabla ya tone la mvua kuanguka. Mizizi ya mche wa mahindi huishia katika tabaka la juu la udongo, ambalo hukauka upesi. Mbegu iliyopandwa kwa kufuata mgunga pekee huweza kuota kwa manyunyu ya kwanza, kisha ikanyauka.

Uchunguzi wa miti ungali na manufaa ukiandikwa. Mkazi achague mgunga mmoja ulio karibu na makazi. Hakuna haja ya kuingia Mapori ya Akiba ya Ikorongo na Grumeti, ambako kibali huhitajika. Kila wiki aandike daftarini hali ya majani, maua na maganda ya mbegu, pamoja na siku mvua iliponyesha. Baada ya misimu kadhaa, daftari litaonesha muda unaopita kati ya machipukizi na mvua ya kutosha.

Kabla ya kupanda, mkulima alinganishe kumbukumbu hizo na utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, apate ushauri wa afisa ugani wa kata, na ahakikishe kuwa udongo umelowa barabara.