Msumeno wa Mnyororo Unapojaa Petroli

Masika yaingiapo katika Milima ya Uluguru, udongo hulowa hadi mizizi ikalegea, na miti iliyosimama kando ya njia kwa miaka mingi huanguka katika usiku mmoja. Barabara itokayo Bigwa kwenda Mkuyuni, Matombo na Kisaki, pamoja na njia zinazopanda Kinole, Tawa na Kolero, huweza kufungwa na gogo moja tu la mkaratusi au mgrivea. Nyuma ya gogo hilo hukwama pikipiki iliyombeba mama mjamzito anayewahi zahanati, na gari la ndizi linalowahi soko la Morogoro. Hapo ndipo hutafutwa mwenye msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita chenso au msumeno wa moto. Mwenyewe huja mbio, huvuta kamba mara ishirini, mara thelathini, na msumeno haungurumi. Watazamaji hutoa hukumu kuwa umekufa. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki. Msumeno umejaa petroli tu, na aliyeujaza ni yule yule anayeuvuta.

Ili kulielewa jambo hili, yafaa kujua namna injini hiyo inavyowaka. Ni injini ya mipigo miwili, isiyo na hodhi yake ya oili. Hulainishwa na oili iliyochanganywa ndani ya petroli. Kabureta huchanganya petroli na hewa, mchanganyiko huingia katika silinda, na cheche ya plagi huuwasha. Injini ikiwa ya baridi huhitaji petroli nyingi kuliko kawaida, na kazi ya choki ni kuibana njia ya hewa ili petroli izidi. Choki, basi, ni msaada wa muda mfupi mno. Baada ya kuvutwa mara chache, injini hupiga mlio mmoja mfupi, mithili ya mtu anayepiga chafya, kisha hunyamaza. Mlio huo ndio ishara ya kuifungua choki. Asiyeusikia, kwa sababu ya mvua au kelele za waliomzunguka, huendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa. Kila mvuto huongeza petroli mbichi ndani ya silinda, mpaka plagi ikalowa. Plagi iliyolowa hutoa cheche hafifu au haitoi kabisa. Na hata ikitoa, hewa iliyomo haitoshi kuiunguza petroli nyingi kiasi hicho. Kuanzia hapo nguvu za mkono hazina faida. Anayevuta kwa hasira anaongeza ugonjwa.

Dalili za msumeno uliojaa petroli hazifichiki. Harufu kali ya petroli hutoka kwenye ekzosi, na pengine matone huonekana hapo. Plagi ikifunguliwa hukutwa inang'aa kwa unyevu. Plagi ikikutwa kavu kabisa baada ya mivuto mingi, tatizo ni kinyume chake, maana petroli haifiki. Yafaa kukagua tangi, mrija na chujio la petroli badala ya kufuata maelekezo ya makala haya. Plagi yenye masizi meusi mazito husimulia habari ya muda mrefu zaidi, ama ya chujio la hewa lililoziba, ama ya oili iliyozidishwa.

Njia ya kwanza ya kuutibu haihitaji spana. Msumeno huwekwa chini mahali tambarare, mbali na mahali petroli ilipomiminwa kwa umbali usiopungua mita 3, na breki ya mnyororo ikiwa imefungwa. Choki hufunguliwa kabisa, kama wakati wa kazi. Resi huwekwa mahali pake pa kuwashia, ikiwa imebanwa nusu. Mwendeshaji hushika mpini wa mbele kwa mkono wa kushoto, hukanyaga ndani ya mpini wa nyuma kwa ncha ya buti la kulia, kisha huvuta kamba kwa mivuto kamili, kumi hadi kumi na mitano. Hewa safi hupita na kuisukuma nje petroli iliyozidi. Injini ikiwaka itatoa moshi mzito na kunguruma kwa kishindo. Hapo resi iachiwe mara moja, kwa kuwa mnyororo umezuiwa na breki, na klachi huungua ikilazimishwa.

Ikishindikana, plagi hufunguliwa. Swichi huzimwa kwanza, na hatua hii haina mjadala. Waya wa plagi huvutwa nje na kuwekwa mbali na tundu, maana cheche yake ikikutana na petroli inayoruka, moto huwaka usoni pa mtu. Plagi hufutwa kwa tambara kavu na, kama ina masizi, husuguliwa taratibu kwa brashi. Mwanya baina ya ncha zake huwa takribani nusu milimita katika misumeno mingi. Kamba huvutwa kama mara kumi huku tundu la plagi likiwa wazi na limeelekezwa pasipo na mtu. Petroli itaruka kama mvuke, kisha itapungua. Dakika chache za kusubiri huikausha silinda zaidi. Plagi hurudishwa kwa kuzungushwa na vidole kwanza, ili isiharibu nyuzi za tundu, ndipo hukazwa kwa spana. Swichi hurudishwa, na msumeno huvutwa choki ikiwa wazi. Wengi hukosea tena hapa: kwa kuwa injini ilikataa, huifunga choki upya, na kazi yote huanza mwanzo.

Yapo mazoea mawili yanayoonekana sana vijijini ambayo hayana budi kukomeshwa. La kwanza ni kuichovya plagi katika petroli na kuiwasha kiberiti ili ikauke, kazi inayofanywa hatua chache kutoka kwenye dumu lililo wazi. Tambara hufanya kazi hiyo hiyo bila kumuunguza mtu. La pili ni kuuwasha msumeno hewani, mkono mmoja ukivuta kamba na mwingine ukiutupa mwili wa msumeno kuelekea chini. Anayefanya hivyo huonekana hodari mbele za watu, lakini mnyororo ukianza kuzunguka hana namna ya kuuongoza, na mguu wake ndio ulio karibu.

Msumeno unaojaa petroli kila siku una sababu nyingine, na hapo lawama huondoka kwa mwendeshaji. Chujio la hewa lililozibwa na unga wa mbao huubana mlango wa hewa sawasawa na choki. Kulifungua na kulikung'uta ni kazi ya dakika moja, na ndiyo inayosahauliwa kuliko zote. Chujio likiwa safi na tatizo likabaki, huenda sindano ya kabureta haifungi kwa sababu ya uchafu, au kiwambo chake cha mpira kimekakamaa. Hiyo ni kazi ya fundi. Petroli inayouzwa kwa chupa kando ya njia nayo yastahili kutazamwa kabla ya kununuliwa, maana maji hutuama chini ya chupa na mstari wake huonekana kwa macho. Kuhusu oili, ile iandikwayo 2T ndiyo inayofaa. Kwa uwiano wa 1 kwa 50, lita 5 za petroli huhitaji mililita 100 za oili. Kwa uwiano wa 1 kwa 25, mililita 200. Kitabu cha msumeno husema ni upi utumike. Kukisia kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakozaa masizi.

Tena kuna suala la mwinuko, ambalo mafundi wa mjini hawaulizwi mara nyingi. Mji wa Morogoro uko takribani mita 500 juu ya usawa wa bahari, ilhali vijiji vya juu vya Uluguru vimepita mita 1,000. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi, kwa karibu sehemu moja ya kumi kila mita 1,000, lakini kabureta ya kawaida haijui kwamba imepanda mlima. Huendelea kutoa petroli ile ile. Ndiyo maana msumeno uliowaka vizuri mbele ya karakana huweza kutoa moshi na kujaa haraka ukifika milimani. Mwenye msumeno amweleze fundi mahali utakapofanyia kazi, ili skrubu za kabureta zirekebishwe kwa kiasi hicho.

Mfuko wa msumeno ubebe plagi mpya, spana yake na tambara lililofungwa ndani ya nailoni lisilowe. Vitu hivi vitatu ni vyepesi kuliko safari ya kurudi mjini gizani.

Mti ukiifunga njia, taarifa hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, ambaye huwasiliana na TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Gogo likishaondolewa barabarani, haliwi mali ya aliyelikata. Anayetaka kulipasua mbao au kulichoma mkaa huomba kibali kwanza kupitia kwa afisa misitu. Na kwa mti ulioanguka ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, msumeno hauwashwi kabisa mpaka Wakala wa Huduma za Misitu wapewe taarifa na kutoa maelekezo.