SOMO: Mgodi Ukifungwa, Ardhi na Maji Vinabaki kwa Nani?

Katika somo hili tunatazama jambo ambalo watu hulisahau siku mgodi unapofunguliwa, yaani siku ya kuufunga. Hapa kwetu Kongo makaa ya mawe yalichimbwa Luena, katika Katanga ya zamani, tangu wakati wa Wabelgiji. Mashimo ya shaba, bati na dhahabu tunayo mengi zaidi. Lakini tumechagua mfano wa Marekani, kwa sababu huko sheria ya kurudisha ardhi imejaribiwa kwa miaka mingi, na ilitanguliwa na machozi.

Tarehe 26 Februari 1972, katika bonde la Buffalo Creek, West Virginia, ukuta wa bwawa la maji machafu ya mgodi wa makaa ulibomoka. Ulikuwa umejengwa kwa takataka za mgodi wenyewe, juu ya matope ya bwawa lingine. Watu 125 walikufa, na zaidi ya 4,000 wakabaki bila makao. Siku nne tu kabla ya hapo mkaguzi wa serikali alikuwa amesema hali inaridhisha. Kampuni ilisema ni tendo la Mungu. Wengi kati ya waliookoka hawakulikubali neno hilo. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1974 walilipwa dola milioni 13.5.

Sheria yenyewe ilichelewa. Rais Gerald Ford aliikataa mara mbili, na Rais Jimmy Carter ndiye aliyeitia sahihi tarehe 3 Agosti 1977. Inadai kwamba udongo wa juu, ule wenye rutuba, uwekwe kando kabla ya kuchimba. Shimo lijazwe, mlima urudishwe karibu na umbo lake la kwanza, kisha pandwe majani au miti. Tena, kabla ya kupata kibali, kampuni inaweka dhamana ya fedha. Ikikimbia, fedha hizo zinafanya kazi yake. Ikikwisha kujaza shimo na kupanga njia za maji, inaweza kurudishiwa hadi asilimia 60. Zinazobaki zinangoja mimea ishike, na kampuni inaendelea kuwajibika miaka 5 tangu upandaji wa mwisho, au miaka 10 penye mvua chache. Kwa maoni yetu, hiyo dhamana ndiyo moyo wa sheria yote. Ahadi bila fedha mezani tumezisikia za kutosha.

Sasa tuje kwenye mabwawa ya matope. Ardhi iliyovuliwa majani haiwezi kuzuia mvua. Maji yanabeba udongo mpaka mtoni, samaki wanakosa hewa, na mashamba ya chini yanafunikwa. Kwa hiyo linachimbwa bwawa chini ya mgodi. Maji yakiingia humo yanapunguza mwendo: mchanga unazama kwanza, udongo laini wa mfinyanzi unazama mwisho, au unakataa kabisa kuzama. Maji yaliyotulia yanatokea juu, kwenye mlango wake. Bwawa likijaa matope halifanyi kazi tena, lazima lizolewe. Na lisiondolewe mapema: sheria ile inataka ipite angalau miaka 2 tangu mbegu za mwisho zipandwe.

Bwawa halitibu kila kitu. Makaa mengi yana madini ya kiberiti na chuma. Yakikutana na hewa na maji yanatoa asidi, na mto unakuwa na rangi ya kutu. Maji ya namna hiyo yanaweza kuonekana meupe kabisa bwawani na bado yakaua samaki. Hapo hutumiwa chokaa au mawe ya chokaa, pengine kwa miaka mingi baada ya mgodi kunyamaza.

Jambo lingine lilijulikana polepole. Kwa kuogopa mmomonyoko, kampuni zilishindilia udongo kwa mashine nzito. Majani yaliota, lakini miti ilidumaa, kwa kuwa mizizi haikupata njia. Leo wataalamu wa misitu wa huko wanashauri udongo wa juu uachwe ukiwa umelegea, kina cha mita 1.2 hivi.

Kwetu, Sheria ya Migodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, nayo inadai dhamana ya fedha kwa ajili ya kutengeneza mazingira. Tena asilimia 15 ya mrabaha inapaswa kwenda kwa sekta, uchifu au mji ambamo mgodi upo. Ugomvi huanza pale ambapo wachache tu wanajua kiasi kilichowekwa.

Katika kikundi chenu, zungumzeni hili: bwawa likibaki baada ya mgodi, vijana wanataka kufuga samaki, na mama wenye mashamba ya chini wanaogopa ukuta. Nani atautunza ukuta huo miaka 10 ijayo, na kwa fedha ya nani? Wasikilizwe kwanza wale wanaokaa chini ya bwawa. Na mahali ambapo mgodi haujaanza, choteni maji ya mto sasa, yapimwe, mbele ya wazee wa vijiji vyote viwili na mtu wa kampuni, kisha wote watie sahihi. Nakala moja ikae kwa chifu, nyingine kwa kamati ya wanawake.