Kufundisha Kani kwa Kenchi ya Fito

Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kukariri kwamba kani ni msukumo au mvuto, na bado asiweze kusema ni sehemu ipi ya paa la darasa lake inayosukumwa na ipi inayovutwa. Amepewa neno kabla ya kuonyeshwa kitu.

Wanafunzi watatu watatu na waunde kenchi: fito mbili za mteremko, na ufito wa chini wa sentimita 60 unaounganisha miguu yake. Kila kiungo kishikwe kwa msumari mmoja tu, ili fito ziweze kuzunguka. (Matundu yatobolewe kwanza kwa msumari uliopashwa moto, ama sivyo fito zitapasuka.) Miguu ikae juu ya meza mbili, chini ya kila mguu kiwekwe kipande cha penseli ya mviringo, kisha kopo jepesi lenye lita 1 ya maji litundikwe kileleni kwa kamba, lining'inie kati ya meza.

Kabla ya kutundika, kila kundi liandike ni ufito upi waweza kuondolewa na uzi ukawekwa mahali pake. Mwalimu asitoe jibu. Uzi huvuta, lakini hausukumi: ukiwekwa badala ya ufito wa chini, kenchi yasimama, ukiwekwa badala ya ufito wa mteremko, yaanguka papo hapo.

Penye mizani ya springi, ifungwe katikati ya uzi huo wa chini. Kilele kikiwa na kimo cha sentimita 30 juu ya uzi, mizani itaonyesha karibu nyutoni 5. Wafupishe fito za mteremko hadi kimo kiwe sentimita 15, upana ukibaki uleule: itaonyesha karibu nyutoni 10, ingawa maji hayakuongezwa. Jambo hili lastahili kipindi kizima. Mashindano ya kuunda daraja lisilovunjika, yapendwayo na walimu wengi, siyapendelei. Mtoto huongeza fito na gundi tu, pasipo kuuliza kani imepita wapi.

Mwisho uzi ukatwe. Miguu itateleza nje. Katika nyumba kamili hakuna penseli za kuteleza, bali kuta. Fundi aondoapo mti wa chini wa kenchi ili apate nafasi, ndizo zisukumwazo. Wanafunzi watoke, wachunguze mapaa ya shule na ya majirani, na wachore kila mti kwa mishale ya kani zake.