Homoni za mwanamume na umri: Kwa nini nambari moja haitoshi

Bwana mmoja wa miaka 44, mfanyabiashara hapa jijini, alinijia pamoja na mkewe akiwa na bahasha ya maabara mkononi. Walikuwa wametafuta mtoto kwa mwaka mzima na zaidi bila mafanikio. Nilimuuliza kama kuna dawa zozote anazotumia, akajibu hapana. Mkewe ndiye aliyemgeukia na kumwuliza: "Na zile sindano je?"

Sindano zenyewe zilikuwa za testosteroni. Bwana huyo alikuwa akichoka ovyo na hamu ya tendo la ndoa ilikuwa imepungua. Akaenda katika kliniki moja, akatolewa damu saa kumi jioni, akaambiwa homoni zake zimeshuka kama za mzee, na tangu siku hiyo akawa anadungwa kila baada ya majuma matatu. Hakuna aliyemuuliza kama anataka mtoto. Nilipoagiza manii yake yapimwe, hapakuonekana mbegu hata moja.

Msomaji, ili uelewe kilichompata bwana huyu ni lazima kwanza ujue jinsi mwili unavyofanya kazi. Testosteroni ndiyo homoni inayompa mwanamume ndevu, sauti nzito, misuli, mifupa migumu na ashiki. Hutengenezwa katika korodani, lakini korodani hazijiamulii. Amri hutoka kwa pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambayo kila wakati huichungulia damu: ikiona testosteroni imepungua hutuma amri, ikiona imejaa hunyamaza. Ukidungwa testosteroni kutoka nje, tezi hiyo huona damu imejaa, hunyamaza kabisa, korodani hulala na utengenezaji wa mbegu hukoma au hupungua mno. Jambo hili linajulikana vyema, hata watafiti wamewahi kuzijaribu sindano za aina hiyo kama njia ya wanaume ya kupanga uzazi.

Sasa, ikishatoka kwenye korodani, testosteroni haiogelei ovyo katika damu. Hubebwa na protini. Moja ya protini hizo hutengenezwa na ini kwa kazi hiyo hasa; ni globulini inayobeba homoni za jinsia, na maabara huiandika kwa herufi SHBG. Nyingine ni albumini, ambayo ndiyo protini iliyo nyingi zaidi katika majimaji ya damu.

Ifikirie SHBG kuwa matatu iliyofungwa mlango: abiria aliyemo hawezi kushuka akafanya kazi. Albumini ni matatu ambayo abiria wake wananing'inia mlangoni kama makanga, na wakitaka huruka popote. Wanaotembea kwa miguu, yaani testosteroni iliyo huru, ni karibu 2 tu katika kila 100. Hao wa miguu, pamoja na wale wa mlangoni, ndio wanaofika kwenye misuli, mifupa na ubongo. Lakini kipimo cha kawaida cha maabara huwahesabu wote kwa pamoja, waliofungiwa na walio huru. Hesabu hiyo ya jumla ndiyo iliyokuwa katika bahasha ya bwana yule.

Umri unapoingia, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja. Kuanzia miaka ya thelathini au arobaini hivi, jumla ya testosteroni hupungua polepole, wastani wa asilimia 1 hivi kwa mwaka. Wakati huo huo ini huongeza SHBG kwa zaidi kidogo ya asilimia 1 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, abiria wanapungua huku matatu zenye milango iliyofungwa zikiongezeka. Hivyo wale wa miguu hupungua haraka zaidi, asilimia 2 hivi kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe: kwa kiwango hicho, mwanamume akitoka miaka 35 hadi 65 hupoteza kama robo ya jumla, lakini ile iliyo huru hupungua kwa karibu nusu.

Mwelekeo huo ulionekana wazi katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 1987 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako wanaume wapatao 1,700 wa miaka 40 hadi 70 walipimwa, na wengi wao wakapimwa tena miaka kadhaa baadaye.

Hapa ndipo nambari moja humpotosha daktari, na mimi mwenyewe imewahi kunipotosha. Miaka kadhaa iliyopita alikuja kwangu mwalimu mstaafu wa miaka 68, mwembamba, mchovu, asiye na hamu ya lolote. Jumla ya testosteroni yake ilikuwa nanomoli 14 kwa lita, kiasi ambacho maabara yoyote itakiita cha kawaida. Nikamwambia, "Mwalimu, huo ni umri tu." Baada ya miezi minane aliteleza bafuni akavunjika kifundo cha mkono, na ndipo nilipoagiza SHBG. Ilikuwa 96, juu mno. Tulipokokotoa iliyo huru kwa kutumia jumla, SHBG na albumini, tukakuta haikufikia hata kiwango cha chini kabisa. Pituitari yake nayo ilikuwa ikipiga kelele ya amri ambazo korodani hazikuweza tena kuzitii. Mzee alikuwa mgonjwa kweli, nami nilikuwa nimemrudisha nyumbani.

Si umri pekee unaoipandisha SHBG. Ini lililoharibika kwa pombe au kwa homa ya ini ya aina B huipandisha, na kadhalika tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, virusi vya Ukimwi na baadhi ya dawa za kifafa.

Unene na kisukari cha ukubwani hufanya kinyume: huishusha. SHBG ikishuka, jumla nayo hushuka, hata kama iliyo huru ingali ya kutosha. Bwana wetu wa miaka 44 alikuwa na kilo 108. Sukari yake kabla ya kifunguakinywa ilikuwa 9.8, na hakuwa na habari. Huo ndio uliokuwa ugonjwa wake. Uchovu ulikuwa wa sukari, na ninashuku kwamba hata jogoo kutowika kulitokana nayo, kwa maana kisukari huharibu mishipa ya damu na ya fahamu kimyakimya.

Hata hivyo alishikilia kwamba majuma ya kwanza ya sindano alijihisi kijana. Simlaumu. Mwaka 1889 daktari Charles-Édouard Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, akiwa na miaka 72, alijidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama, akatangaza mjini Paris kwamba nguvu zake zimerejea. Leo tunajua maji yale hayakuwa na testosteroni ya kutosha kumfanyia lolote. Imani ndiyo iliyomwinua. Testosteroni yenyewe haikupatikana ikiwa safi hadi mwaka 1935.

Basi ukiagizwa kipimo hiki, nenda kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, kwa sababu homoni hii huwa juu alfajiri na kushuka kadiri siku inavyosonga. Saa kumi jioni si wakati wake kabisa. Usipimwe ukiwa na malaria au ugonjwa mwingine mkali, maana hushuka kwa muda. Jibu likiwa la chini, rudia siku nyingine, na safari hiyo omba SHBG na albumini pia. Na uangalie vipimo: nanomoli 10.4 kwa lita, nanogramu 300 kwa desilita na nanogramu 3 kwa mililita ni kiasi kile kile. Nimewaona wanaume wakitokwa jasho kwa kulinganisha 10 ya maabara moja na 3 ya nyingine.

Wanaohitaji tiba kwa sababu ya umri ni wachache kuliko matangazo yanavyodai. Watafiti wa Ulaya waliochunguza wanaume 3,369 wa miaka 40 hadi 79 walitoa matokeo mwaka 2010: waliokuwa na homoni ya chini pamoja na dalili tatu, yaani kukosa msisimko wa asubuhi, kupungukiwa na ashiki na uume kushindwa kusimama, walikuwa asilimia 2 hivi. Uchovu pekee hautoshi. Una sababu mia.

Kwa anayestahili, kama mwalimu wangu, dawa husaidia, mradi tezi dume ipimwe kwanza na uzito wa damu uangaliwe mara kwa mara, kwani testosteroni huiongeza damu hadi ikawa nzito. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, wa wanaume zaidi ya 5,000 wenye maradhi ya moyo au walio katika hatari ya kuyapata, haukuonyesha ongezeko la mshtuko wa moyo wala kiharusi kwa waliotumia dawa hiyo. Lakini moyo kupiga bila mpangilio na damu kuganda mapafuni vilitokea zaidi kwao.

Bwana yule aliacha sindano siku ile ile. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu, kwa kuwa korodani zilikuwa zingali zimelala na yeye akawa hana ya dukani wala ya mwilini. Alianza dawa za sukari, akapunguza chapati na soda, akawa anashuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani na kutembea. Ameshuka hadi kilo 97. SHBG imepanda, na jumla ya testosteroni imepanda nayo bila sindano. Mbegu zilianza kuonekana mwezi wa saba, chache, nusu yake zikienda ovyo. Mkewe bado hajapata mimba. Nitawaona tena mwezi ujao.