Dondoo muhimu: Linda kompyuta ya nyumbani
Usiahirishe kusasisha. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili katika nchi zipatazo 150, ilhali Microsoft ilikwisha kutoa sasisho la kuziba upenyo kilioutumia tangu Machi. Wenye Windows 10 wajue kuwa huduma yake ya kawaida ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Nakili picha za familia na nyaraka kwenye diski ya nje, kisha ichomoe. Hili nalisisitiza kuliko yote: diski iliyoachwa imechomekwa inaweza kufungwa na kirusi pamoja na kompyuta yenyewe.

Programu zilizoibwa usizisakinishe, hata akikuletea rafiki kwenye flashi. Nywila ya barua pepe iwe ndefu, na isitumike kwingine. Anayeingia kwenye barua pepe yako anaweza kubadilisha nywila za akaunti zako nyingine.