Oda laki tatu, na bei ya kobalti bado ikaanguka

Swali: Tuliambiwa watu malaki wamelipia gari la umeme la Tesla. Mbona bei ya kobalti hapa Kolwezi ilianguka baada ya 2018?

Jibu: Ndugu yangu, kobalti hununuliwa gari linapoundwa, si mteja anapoweka jina. Gari la Tesla aina ya Model 3 lilipozinduliwa Machi 2016, watu zaidi ya 300,000 waliweka oda ndani ya wiki moja, kila mmoja dola 1,000 za kurudishwa akighairi. Kampuni ikaahidi magari 5,000 kwa wiki kufikia mwisho wa 2017. Katika robo ya tatu ya mwaka huo ilitoa 260 tu! Mitambo ya kuunganisha betri kule Nevada ilikwama, na lengo likafikiwa mwishoni mwa Juni 2018.

Huku kwetu mkoani Lualaba, wachimbaji wakubwa kwa wadogo walikuwa wameshaongeza kasi kwa kufuata bei iliyokuwa imepanda. Mzigo wa kobalti ukazidi, bei ikaanguka. Mwishoni mwa 2019 kampuni ya Glencore ikasimamisha mgodi wake wa Mutanda.

Linaloniumiza zaidi ni hili: betri nyingi sasa, zikiwamo za baadhi ya Tesla, ni za chuma na fosfati, hazina kobalti hata chembe. Kwa hiyo kabla hujanunua mzigo, uliza magari mangapi yametoka kiwandani, na betri zake ni za aina gani.